Bwana Shamba na Migomba ya Watu

Nimefanya kazi chini ya watu wabaya wengi. Kule visiwa vya Muleba nilikuwa na nahodha wa mtumbwi wa dagaa aliyekuwa akiutukana hata upepo. Karagwe nilifyatua matofali kwa fundi aliyelala na koleo lake kitandani ili lisiibwe. Wote hao nimewasahau bila taabu. Aliyenishinda kumsahau ni mtu ambaye sikumfanyia kazi hata siku moja, Bwana Shamba wetu wa Kaagya, aliyestaafu kazi ya serikali lakini hakustaafu kukemea watu.

Alikuwa na jina, bila shaka, ila hakuna aliyelitumia. Mke wake mwenyewe alimwita Bwana Shamba, hata alipomwambia chakula kiko mezani. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa iliyokuwa na rangi zamani, na buti za mpira alizovaa mvua ikinyesha na jua likiwaka. Alinyoosha shingo mbele kama mtu anayechungulia kitu ndani ya nyumba ya jirani. Na kweli, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Watu wengine wakistaafu hufuga kuku, au hushinda kwenye drafti wakibishana kuhusu mpira. Yeye starehe yake ilikuwa migomba ya watu wengine. Asubuhi akimaliza kibanja chake, alichukua kisu chake kilichofungwa kwenye mti mrefu, akaanza safari. Aliingia kwa mtu yeyote. Alikata majani makavu, akapunguza machipukizi, akaangusha ua la mgomba pale mkungu ulipokwisha kuzaa. Hakuomba ruhusa wala malipo. Alichotaka ni haki ya kusema.

Mtu wa mbali huenda asielewe uzito wa jambo hili. Kwetu kibanja kinaizunguka nyumba, migomba juu, mibuni chini yake, na njia ndogo inayopita katikati hadi mlangoni. Aliyesimama kwenye kibanja chako amesimama chumbani mwako. Basi wewe umelala, umejifunika, unaota jambo lako, unasikia kwa, kwa, kwa, nje ya dirisha, na sauti inasema, "Nyumba hii wanalala mpaka saa ngapi?"

Mama yangu alikuwa akitoka na kanga begani, na lile waitu letu la heshima mdomoni. "Bwana Shamba, asubuhi hii waitu?"

"Asubuhi ipi, mama? Jua limeshachoka. Huu mgomba wako una watoto sita. Nani atawalisha?"

"Nilitaka kuwapunguza wiki ijayo."

"Wiki ijayo ndiyo inayoua vibanja vya Wahaya."

Mama alicheka, akaenda kumchemshia chai. Mimi nilibaki nyuma ya pazia nikimchukia.

Salamu yake haikuwa habari za nyumbani wala za safari. Alikuuliza, "Majani mangapi?" Maana yake mgomba wako uliozaa umebaki na majani mabichi mangapi. Ukimwambia saba, alikataa. Ukimwambia matano, alisikitika. Mimi aliniita Mtembezi. Niliondoka shule darasa la sita, nikapanda lori la kahawa, na tangu siku hiyo sijakaa mahali pamoja zaidi ya misimu miwili. Kila niliporudi nyumbani tulikuwa na mazungumzo yaleyale.

"Mtembezi, umerudi. Umeleta nini?"

"Nimejileta mwenyewe, tata," nilimjibu, maana kwetu kila mzee ni tata, ni baba.

"Kwa hiyo umerudi mikono mitupu."

Alikuwa na misemo yake. Mgomba hausemi uongo. Kibanja ni uso wa mtu. Mwanamume asiye na mgomba wake ni mgeni hata kwenye msiba wa baba yake. Huo wa mwisho aliusema kwenye msiba wa baba yangu, akiniangalia.

Ninaandika haya nikiwa na miaka hamsini na kitu, goti moja linalia ngazini, na miwani niliyoinunua barabarani bila kupimwa. Nimeanza kuwaambia makondakta vijana jinsi mabasi ya zamani yalivyokwama Kyaka siku mbili, nao wananitazama kama nilivyomtazama Bwana Shamba. Ni adhabu inayonistahili. Lakini angalau mimi simfuati mtu kitandani kwake.

Yeye uzee aliukataa kwa ukaidi wa ajabu. Miwani hakutaka. Mkongojo hakutaka. Nyonga yake ilipoanza kumsumbua, ule mti wa kisu ukawa unagusa chini kila hatua, tena kwa nguvu, ila ukimwuliza alisema anausikiliza udongo. Siku moja nilimwona akipanda kilima cha kwenda Kashozi kanisani, mti mkononi, kisu kimefunguliwa kikaachwa nyumbani. Nikamwambia, "Leo unaenda kumpunguzia padri majani kwa mti mtupu?" Akasema mti unahitaji hewa. Alisema hivyo bila kutabasamu.

Kuhusu zamani hakuwa na aibu kabisa. Zamani mkungu mmoja ulibebwa na wanaume wawili. Zamani rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikaa siku nne bila kuchacha. Zamani senene walikuja wengi mpaka taa zikaonekana zina ukungu. Nilimwuliza mama kuhusu hiyo mikungu ya wanaume wawili. Mama alifikiri kidogo, akasema, "Wanaume wa zamani walikuwa wembamba."

Sasa jambo ambalo watu wachache walilijua: bingwa huyu wa migomba alipenda wali. Aliupenda kwa siri, kama mtu mwingine anavyopenda pombe. Nilimfumania Bukoba mjini, kwenye mgahawa wa nyuma ya stendi, mbele yake sahani ya wali na samaki. Alikuwa ameegemea ukuta, uso umelegea kwa raha, hajavaa hata kofia. Aliponiona akaivuta sahani karibu na kifua. "Daktari ameniandikia," akasema. Mwezi huohuo alikuwa amemkemea mama yangu kwa kupika wali Jumapili, akisema Mhaya anayekula wali nyumbani kwake ametangaza njaa.

Nina deni la haki kwake, na ninalisema hapa mara moja ili lipite. Nilipokuwa kijana niliugua malaria Muleba, nikiwa nimetoka ziwani, nimelala kwenye baraza la duka. Yeye wakati huo alikuwa kazini huko. Alinitambua, akanifunga mgongoni kwake kwa shuka juu ya pikipiki ya serikali, akanifikisha zahanati. Njia nzima alinitukana. Aliniita gunia, aliniita hasara ya mama, na tulipopita kwenye migomba ya mtu alipunguza mwendo ili anionyeshe jinsi ilivyotunzwa vibaya. Sijawahi kumshukuru. Wema wa namna ile haumwachii mtu nafasi ya kushukuru, unamwachia hasira tu.

Basi, nije kwenye kisu.

Ulipoanza kusikika ugonjwa wa mnyauko, kijijini kwetu alikuja dada wa kilimo, kijana, mwenye suruali na daftari. Aliitisha mkutano uwanja wa shule. Akatueleza kwamba majani yakinyauka na kugeuka njano, ndizi zikaiva kabla ya wakati, na shina likikatwa likatoa usaha, mgomba huo ung'olewe wote uzikwe. Akasema ugonjwa unasafiri kwenye kisu. Ukikata mgomba mmoja, pitisha kisu motoni kabla ya kwenda kwa mwingine. Ua la mgomba msilikate kwa kisu kabisa, livunjeni kwa mti wenye panda. Na msikopeshane vifaa.

Bwana Shamba alisimama nyuma. Watu walishageuza shingo kabla hajafungua mdomo.

"Binti," alisema, "nimekata migomba ya nchi hii kabla mama yako hajaposwa. Kisu hakina mdomo, hakina pua. Kitaambukizwa na nini? Na mimi nikikata migomba mia kwa siku, nitembee na jiko la mkaa kichwani?"

Watu walicheka. Mama yangu alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi pia nilicheka, na mimi nilikuwa simpendi. Yule dada alisubiri tumalize, akasema kwa upole, "Mzee wangu, hata mkono hauna mdomo." Hakuna aliyemsikiliza. Tulikuwa tumeshamchagua mshindi.

Mwaka uliofuata mgomba wa jikoni kwa mama uligeuka njano. Ulikuwa na mkungu mkubwa, na ndizi za juu zikaanza kuiva zingali nyembamba kama vidole vya mtoto. Mama alimwita Bwana Shamba, kwa sababu ndivyo tulivyofanya siku zote. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimetoka Karagwe. Alikuja, akaukata, akainama kuangalia pale alipokata. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akafuta kisu kwenye suruali, akasema, "Ni kiu. Jua limekuwa kali."

Bukoba. Jua kali. Siku hiyo tulikuwa tumeanika nguo mara tatu na kuzianua mara tatu kwa sababu ya mvua.

Akaendelea na mgomba wa pili, na wa tatu, kisha akavuka kwenda kwa majirani, kama kawaida.

Msimu ulipokwisha, mama hakuwa na mgomba uliosimama. Tulichimba mashimo, tukakatakata, tukazika. Mibuni ikabaki peke yake juani, imeduwaa. Mama hakulia. Alisimama mlangoni na kusema, "Sasa nyumba yangu inaonekana mpaka barabarani." Akaingia ndani, akafunga dirisha la upande ule.

Mimi nimeacha shule mapema lakini sijaacha kuuliza, ni ugonjwa wangu mwingine. Nilizunguka kijiji kizima na mguu wangu mbovu, nikaangalia nani amepoteza na nani amebaki. Upande wetu wote ulikuwa umekufa isipokuwa kibanja kimoja, kijani, katikati kabisa, kama mtu aliyevaa nguo ya sikukuu msibani. Kilikuwa cha mama mmoja muuza vitumbua ambaye alikuwa na mbwa mkali. Miaka mingi nyuma mbwa huyo alimng'ata Bwana Shamba kwenye buti, naye akaapa hataingia tena kwa mwanamke yule.

"Mnasema mbwa wangu mbaya," aliniambia yule mama, akigeuza vitumbua. "Leo nani mbaya?"

Nilikwenda kumwambia mama yangu. Alisikiliza, kisha akasema neno lililotuharibia miaka mitatu. "Sitaki alipe. Sitaki apige magoti. Nataka aseme kwa mdomo wake kwamba ni kisu chake. Akisema, nitapanda."

"Na asiposema?"

"Ardhi italala."

Nilidhani ni hasira ya wiki. Dada wa kilimo alirudi na miche safi, ardhi ikiwa imeshapumzika vya kutosha, akamgawia kila aliyepoteza. Majirani walipanda. Mama alimkaribisha chai, akamshukuru, akaikataa miche. Msimu ukapita, mwingine ukapita. Mama ana miaka zaidi ya sabini. Alikuwa akila ugali wa kununua, yeye ambaye maisha yake yote alisema ugali ni chakula cha wasafiri, na kila nilipokuja nilimkuta amepungua shingoni. Mgomba ukiupanda leo, huli kesho. Nilimwambia, "Mama, unamkomoa nani?" Akanijibu, "Wewe nenda zako utembee."

Na Bwana Shamba? Kibanja chake kilikufa mwisho, lakini kilikufa. Alisema ni watu waliomwonea wivu. Aliacha kuzungukia vibanja vya watu. Hakuonekana kwa mtu, hata kanisani alikaa benchi la mlangoni na kutoka kabla ya baraka ya mwisho. Kijijini watu walisema amezeeka ghafla. Mimi nilisema, na ninasema tena, kwamba mtu hazeeki ghafla. Huwa kuna kitu alichokuwa amekishikilia, na kimemponyoka.

Mwaka huu, wiki chache kabla ya mvua za vuli, nilikuwa nashusha mizigo soko la Bukoba. Nikamwona upande wa ndizi. Alikuwa na gunia tupu chini ya kwapa, amevuta kofia mpaka kwenye nyusi, anaongea na muuzaji kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo.

"Hizi za Muleba, tata," muuzaji alikuwa akisema. "Tamu sana. Nikufungie huu?"

"Utie kwenye gunia. Wote. Mpaka mkia."

Mzee wa Kihaya mwenye kibanja kununua mkungu sokoni ni sawa na kuonekana bila suruali. Nilingoja mpaka alipofunga gunia kwa kamba, kisha nikamsogelea. Ninakiri nilifurahi. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno kwa miaka mitatu.

"Majani mangapi, Bwana Shamba?"

Hakushtuka. Aligeuka taratibu. "Mtembezi. Huu nimepewa na shemeji."

"Shemeji yako ameshapokea pesa, na chenji amekurudishia."

Alitazama gunia, akanitazama mimi, kisha akakaa juu ya gunia lenyewe, juu ya ndizi, kitu ambacho zamani angempiga mtu kwa kukifanya. Nikamwuliza pale pale, watu wakipita.

"Ni kisu chako?"

"Unadhani sijui?"

"Tangu lini umejua?"

"Tangu mgomba wa jikoni wa mama yako. Nilipoukata niliona ule usaha. Nilikuwa nimesoma kuhusu ugonjwa ule kabla yule binti hajaja."

"Na ukaendelea kukata. Siku ileile. Kijiji kizima."

Alikuwa akikwaruza udongo uliokauka kwenye buti. "Ningeacha ghafla, wangejua ni mimi."

Yale maneno yangu ya miaka mitatu yakawa hayana kazi. Ziwani nimewaona waoga wa kila aina, wanaolia, wanaojificha chini ya nyavu, wanaojifanya wagonjwa. Huyu alikuwa mwoga wa namna ambayo sikuwahi kuikuta, aliyeamka alfajiri kila siku, akavaa buti, akaenda kuufanyia kazi woga wake mpaka jioni. Niliona kinyaa. Nikamwambia mama hajapanda, na kwa nini hajapanda. Ilionekana hakujua. Alidhani mama amechoka tu, kama yeye.

"Basi mwambie wewe," akasema. "Mwambie nimesema."

"Simwambii kitu. Mdomo unao. Umeutumia miaka yote kwa majani yetu."

Tulipanda bodaboda moja, yeye katikati, gunia mbele kwenye tangi, mimi nyuma. Tukafika Kaagya. Pale njia inapogawanyika, kwake kushoto na kwetu kulia, kijana wa bodaboda akasimama akauliza twende wapi. Bwana Shamba aliitazama njia ya kushoto mpaka kijana akageuka kumtazama.

"Kulia," alisema hatimaye, kwa ukali, kana kwamba njia ndiyo iliyokosea.

Mama alikuwa uani, anachagua maharage kwenye ungo. Hakuinuka. Bwana Shamba alisimama mbele yake, akavua kofia, na nilipoona upara wake nikakumbuka kwamba katika maisha yangu yote nilikuwa nimeuona mara moja tu, juu ya sahani ya wali.

"Ni kisu changu kilichoua migomba yako," akasema. "Nilijua, nikanyamaza." Kisha, kwa sababu hakuweza kujizuia, akaongeza, "Na hiyo mbolea yenu mliirundika karibu mno na shina. Nilikwambia."

Nilitaka kumshika shati. Mama aliinua mkono kunizuia.

"Nimesikia," alisema. "Gunia lina nini?"

"Ndizi."

"Zako?"

Akakunja kofia mkononi. "Za kununua."

Mama akaweka ungo chini, akaingia jikoni, akatoka na sufuria, jani pana la kufunikia, na kile kisu chake kifupi kilicholika katikati. Kisu akampa yeye. Kwetu mwanamume hamenyi ndizi. Anapanda, anakata, anabeba, na akifika mlangoni kazi yake imekwisha. Mzee akionekana amekaa uani na ganda mkononi, habari hufika Kashozi kabla ya chakula kuiva. Na siku hizi uani kwa mama kunaonekana mpaka barabarani.

"Menya," mama akamwambia.

Bwana Shamba alikitazama kisu kile kidogo. Kisha akajishusha kwenye kigoda, nyonga moja baada ya nyingine, akafungua gunia. Barabarani wanawake wawili waliotoka kuteka maji walisimama, wakatua ndoo. Mama akarudi kwenye maharage yake.

"Kesho uende kwa yule dada wa kilimo," akaniambia bila kuinua macho. "Umwulize kama miche bado ipo. Umwambie mvua zinakaribia."

Nikasema nitakwenda. Zilipita ndizi tatu, nne. Maganda yalikuwa yanaanguka mazito, nusu ya ndizi imekwenda nayo. Mama akaokota moja, akaligeuza kwenye mwanga.

"Unamenya nene, Bwana Shamba. Unatupa chakula."

Akaichukua ndizi nyingine, akaigeuza, akaanza upande wa pili.